Kupima Ubora wa Nyumba Ndogo ya Wazee

Kwa miaka mingi katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mlango wa mto Ruvuma mpaka visiwa vya Quirimba, hapakuwa na haja ya kuuliza mzee atakaa wapi. Nyumba ilikuwa ya mzee, na wengine ndio waliokaa kwake. Alipoishiwa nguvu za kwenda baharini au shambani, mjukuu alimletea maji ya kutawadha, mkwe alimpikia uji, na jirani alipita kila asubuhi kumjulia hali. Kazi hiyo haikuwa na jina wala mshahara, kwa sababu mikono ya kuifanya ilikuwapo pale pale nyumbani.

Mikono hiyo sasa imetawanyika. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza katika mji wa Mocímboa da Praia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani hiyo hiyo. Mwezi Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ukatekwa, na ukapita mwaka mzima kabla haujarudi mikononi mwa serikali. Tarehe 24 Machi 2021 ikashambuliwa Palma. Kufikia mwaka 2022 idadi ya watu waliokimbia makwao ilikuwa karibu milioni moja. Leo si ajabu kuona mzee ambaye mtoto wake mmoja yuko katika mji wa Pemba, wa pili yuko Montepuez, wa tatu alivuka Ruvuma kwenda Mtwara, na wa nne hajulikani alipo. Mzee mwenyewe amerudi kwake, au hakuondoka kabisa kwa kuwa miguu haikumruhusu.

Katika hali ya namna hiyo huzuka wazo la nyumba ndogo ya wazee: vitanda vinane au kumi na viwili, jiko, kisima, na watu wachache wa kuwahudumia wasiojiweza. Huenda ikaanzishwa na serikali, na misheni, na jamaa wa msikiti, au na watu wenye huruma tu. Nia ikiwa njema, watu hufurahi na kupiga makofi. Lakini nia njema haimgeuzi mgonjwa ubavu usiku. Kwa hiyo yafaa tujiulize swali ambalo kila mtoto, kila katibu wa mtaa na kila jirani anapaswa kuwa na jibu lake: nyumba ya wazee tutaijuaje kuwa ni njema?

Jibu tunalotaka kulieleza leo ni hili. Nyumba ya wazee hupimwa kwa saa zile ambazo mgeni hayupo. Mengine yote, yaani rangi ya ukuta, shuka mpya, hotuba na zawadi, ni mambo ya saa ambazo mgeni yupo.

Kwanza, ieleweke kwamba mzee anayekaa katika nyumba hiyo haombi fadhila. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004, katika kifungu cha 124, inampa mzee haki ya kulindwa na familia, na jamii na dola. Inataja makazi, inataja maisha pamoja na familia na jamii, na inataja kuhudumiwa katika taasisi za umma na za watu binafsi kwa namna isiyomtenga. Sheria namba 3 ya tarehe 5 Februari 2014 ilitungwa mahsusi kwa ajili ya kukuza na kulinda haki za wazee. Taasisi ya Taifa ya Ustawi wa Jamii, ijulikanayo kwa Kireno kwa kifupi cha INAS, iliundwa mwaka 1997, na miongoni mwa mipango ya nchi ya hifadhi ya jamii umo mpango wa kuwahudumia watu katika vituo, zikiwamo nyumba za wazee.

Bara letu nalo limesema neno. Mwezi Januari 2016, mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki juu ya haki za wazee. Kifungu chake cha 11 kinahusu nyumba za kuwatunza, na kinataka mambo ambayo kila msikilizaji anaweza kuyashika: kukaa katika nyumba hiyo kuwe kwa hiari, gharama yake iwe ya kumudika, na matunzo yafikie viwango vya chini vilivyowekwa na nchi. Kabla ya hapo, tarehe 16 Desemba 1991, Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha kanuni zake kwa ajili ya wazee, zikiwa zimepangwa chini ya vichwa vitano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na heshima. Tuzingatie kwamba kutunzwa ni kichwa kimoja tu kati ya vitano. Nyumba inayomlisha mzee na kumsafisha, lakini ikamfanya asishiriki lolote wala asiamue lolote, imetimiza sehemu moja na kuacha nne.

Jirani zetu wanayo mafunzo ya kutupa. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, inasisitiza kwamba mzee atunzwe na familia na jamii yake, na kwamba makazi ya wazee yawe njia ya mwisho, kwa wale wasio na wa kuwatunza. Zanzibar ina nyumba za wazee za serikali, kama vile Sebleni na Welezo katika kisiwa cha Unguja, na Limbani huko Wete katika kisiwa cha Pemba. Hata hivyo haikuishia kwenye nyumba. Mwezi Aprili 2016 ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe tajiri au maskini, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Fundisho hapa ni kwamba nyumba ya wazee isiwe shimo la kuwatumbukiza wote waliochoka. Mzee ambaye angeweza kuendelea kukaa kwake kwa kusaidiwa fedha kidogo na jirani mmoja, asihamishwe kwa sababu tu kuna kitanda kitupu.

Sasa tuje kwenye kupima. Kipimo cha kwanza ni mikono.

Mgeni akifika, aghalabu huambiwa idadi ya vitanda. Aulize idadi ya watu walio kazini, tena kwa saa. Hesabu yake ni nyepesi na mtu yeyote anaweza kuifanya. Wiki moja ina saa 168. Kwa sheria ya kazi ya Msumbiji, muda wa kawaida wa mfanyakazi hauzidi saa 48 kwa wiki. Gawanya 168 kwa 48, utapata watu watatu na nusu. Maana yake ni kwamba, ili awepo mtu mmoja tu aliye kazini na macho, mchana na usiku, siku zote saba, nyumba inahitaji wahudumu wasiopungua wanne, na hapo hatujahesabu likizo, maradhi wala misiba. Nyumba yenye wahudumu watatu, hata wakipokezana mmoja mmoja, inapata saa 144. Zinabaki saa 24 zisizo na mtu. Hiyo ni siku nzima, usiku na mchana wake, katika kila wiki. Ama wazee huachwa peke yao katika saa hizo, ama kuna mhudumu mmoja anayefanyishwa kazi kupita uwezo wa mwanadamu, na mtu aliyechoka kupita kiasi hukosa subira hata akiwa na moyo mwema.

Kisha tukumbuke kwamba kuna kazi ambazo mtu mmoja hazimudu. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda vya kulalia, hasa penye mifupa ya kiuno, visigino na nyonga. Vidonda hivyo huanza kama wekundu au weusi mdogo wa ngozi, vikaingia ndani hadi kwenye mfupa, na vikaweza kuua. Kinga iliyozoeleka ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, kumweka mkavu na kumlisha vizuri. Kutoka saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi, yaani kumgeuza mara tano. Wakiwa wagonjwa watatu, ni mara kumi na tano kwa usiku mmoja, na kila mara hufaa wawe watu wawili ili mgonjwa asiburuzwe na ngozi isichunike. Kwa hiyo anayetaka kujua kama nyumba ina watu usiku, asiishie kumwuliza msimamizi. Aombe, kwa adabu na kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, kuona visigino vyake.

Kipimo cha pili ni mizani.

Kuna mambo mengi ya nyumba ya wazee yanayoweza kupambwa siku ya ukaguzi, lakini uzito wa mwili haupambiki. Wataalamu wa afya hushauri kwamba mzee apimwe uzito kila mwezi na uandikwe. Akipoteza sehemu tano katika mia ya uzito wake ndani ya mwezi mmoja, au sehemu kumi katika mia ndani ya miezi sita, bila ya yeye kukusudia, hiyo ni alama ya hatari. Mzee wa kilo 50 aliyepungua kilo mbili na nusu kwa mwezi, lazima ipatikane sababu. Huenda ni maradhi. Huenda ni meno. Huenda chakula kinaletwa kikiwa cha moto, kikawekwa mbele ya mtu ambaye mikono yake inatetemeka, kisha baada ya nusu saa sahani ikaondolewa na kuandikwa kwamba mzee hana hamu ya kula. Chakula kilichopikwa si chakula kilicholiwa. Samaki mwenye miiba mingi na ugali mgumu wa muhogo si chakula cha mtu asiye na meno, hata kama sahani imejaa.

Mizani ya dukani yaweza kufanya kazi hiyo, na daftari la kuandikia uzito ni la bei ndogo. Nyumba isiyopima haina udhuru wa umaskini katika jambo hili.

Pamoja na chakula kuna maji. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada penye dharura huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini cha kunywa, kupikia na usafi wa mwili. Wazee kumi na wawili basi wanahitaji lita 180, yaani ndoo tisa za lita 20 kila siku, kabla ya kufua nguo na shuka za wale wasioweza kuzuia haja. Katika pwani yetu, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, kila ndoo ina mtu aliyeibeba. Tuulize ni nani anayebeba, kutoka wapi, na mara ngapi. Tujue pia kwamba mzee hapati kiu kama kijana. Mwili wake unaweza kukauka naye asiombe maji, au asinywe makusudi kwa kuogopa kuomba msaada wa kwenda chooni usiku. Ukiona mzee anakataa maji jioni, usiseme ni ukaidi. Huenda anatueleza kwamba usiku hakuna wa kumsindikiza.

Kipimo cha tatu ni njia ya chooni.

Wazee wengi huanguka, na mzee aliyevunjika nyonga aghalabu hasimami tena kama zamani. Mtu apimaye nyumba atembee mwenyewe kutoka kitandani hadi chooni, tena baada ya jua kuchwa. Je, kuna taa? Je, kuna kizingiti cha kujikwaa? Je, kuna mti au bomba la kushikilia ukutani? Je, sakafu ya mahali pa kuogea inateleza? Kwa asiyeweza kufika, je, kuna chombo karibu na kitanda, na asubuhi kinamwagwa na nani? Mambo haya hayahitaji mhandisi kutoka Maputo. Seremala wa kijijini anaweza kuyatimiza kwa siku moja, na kama hayakutimizwa, maana yake hakuna aliyewahi kuitembea njia hiyo kwa miguu ya mzee.

Tusisahau pua. Mkojo uliomwagika asubuhi hii ni ajali, na kila nyumba ina ajali. Harufu iliyoingia katika godoro na ukuta ni habari ya miezi mingi. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na udi unaofukizwa siku ya wageni hauwezi kuificha habari hiyo.

Kipimo cha nne ni neno hapana.

Tumeona kwamba itifaki ya Afrika inataka kukaa katika nyumba ya wazee kuwe kwa hiari. Hiari haiishi siku ya kuingia. Mzee mwenye akili timamu awe na uwezo wa kusema hapana kila siku: sitaki kuoga sasa, nitaoga baada ya sala ya alasiri, sitaki kulala saa kumi na mbili jioni, nataka kwenda barazani, nataka kumzuru dada yangu Olumbi. Nyumba ikiwa inalaza watu wazima jua likiwa bado linaonekana, fahamu kwamba ratiba imepangwa kwa ajili ya wahudumu wachache, na wazee ndio wanaolipa upungufu huo kwa saa zao.

Upande wa pili wa jambo hili ni kamba na kufuli. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu hutangatanga, na nyumba isiyo na watu wa kutosha hushawishika kumfunga au kumpa dawa za kumlaza. Nchini Marekani ilibidi sheria ya mwaka 1987 itamke kwamba mkazi wa nyumba ya matunzo ana haki ya kutofungwa wala kulazwa kwa dawa kwa ajili ya adhabu au urahisi wa wahudumu. Sheria haitungwi pasipo na tatizo. Kwa hiyo na sisi tuulize bila kuona haya: mlango hufungwa lini, kwa upande gani, na nani ana ufunguo usiku ikiwa moto utawaka?

Heshima ina sura yake katika kila mahali. Kwa mzee wa Palma, wa Ibo au wa Quissanga, heshima ni kuamkiwa kwa shikamoo au kwa salamu ya kwao, na kuitwa babu, bibi au mwalimu, asiitwe kitanda namba nne. Ni kuzungumzishwa kwa Kimwani, kwa Kimakonde, kwa Kimakua au kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, hata kama daftari linaandikwa kwa Kireno. Ni bibi kuogeshwa na mwanamke. Ni Mwislamu kuelekezwa kibla na kupata maji ya udhu, na Mkristo kufikiwa na kiongozi wa kanisa lake. Ni kujua, kabla ya kufa, kwamba atazikwa na nani na wapi, na kwamba jamaa zake wataarifiwa. Mzee aliyetoroka risasi asije akazikwa kimya kimya kama mtu asiye na kwao.

Kipimo cha tano ni daftari.

Fedha ya mzee mara nyingi ni kidogo sana. Mwaka 2018 kiwango cha chini cha ruzuku ya msingi ya INAS kilipandishwa kutoka metikali 310 hadi 540 kwa mwezi. Metikali, iliyoanza kutumika kuwa fedha yetu tarehe 16 Juni 1980, imerithi jina la mithkali, kipimo cha zamani cha kupimia dhahabu, na dhahabu hupimwa hata ikiwa chembe. Basi na kidogo cha mzee kipimwe hivyo hivyo. Kilichoingia kwa jina lake, kiwe cha ruzuku, cha mtoto wake aliye mbali au cha minazi yake, kiandikwe, na kilichotumika kiandikwe, naye asomewe. Vitambulisho vyake, ambavyo wengi walivipoteza wakati wa kukimbia na kuvipata tena kwa taabu, vihifadhiwe kwa ajili yake na visizuiliwe. Na nyumba yoyote inayomtaka mzee aiandikie shamba, minazi au mikorosho yake kuwa sharti la kupokewa, hiyo tuitazame kwa jicho kali, kwa maana ina faida katika kifo chake.

Daftari lionyeshe pia walioanguka, waliougua, dawa waliyopewa, waliopelekwa hospitali na waliofariki. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Nyumba isiyo na hata mzee mmoja aliyeandikwa kuwa ameanguka kwa mwaka mzima inaweza kuwa nyumba njema mno, au nyumba isiyoandika. Mara nyingi ni ya pili. Kuanguka kulikoandikwa, pamoja na lililofanywa baadaye ili kusirudiwe, ni ushahidi mzuri kuliko ukurasa mweupe.

Ndugu wasikilizaji, udogo wa nyumba una baraka zake na hatari zake. Katika nyumba ya watu kumi, mpishi anajua nani hali pilipili, na mhudumu anatambua kwa sauti ya kikohozi kwamba leo mzee fulani si mzima. Nyumba ya watu mia haiwezi hivyo. Lakini katika nyumba ndogo, mtu mmoja aghalabu ndiye mwenye ufunguo, mwenye fedha, mwenye dawa na mwenye kupokea malalamiko. Mzee akidhulumiwa na mtu huyo, atamlalamikia nani? Akiugua mtu huyo, nani atafungua kabati la dawa? Ndiyo maana nyumba ndogo inahitaji jicho la nje kuliko nyumba kubwa. Nchini Uingereza tume inayokagua nyumba za matunzo huuliza maswali matano: je, watu wako salama, je, matunzo yanaleta matokeo, je, kuna upole, je, nyumba inafuata mahitaji ya kila mmoja, na je, inaongozwa vema? Maswali hayo yanaweza kuulizwa na kamati ya watu watano wa mtaa, akiwamo muuguzi, kiongozi wa dini na mwanamke anayejua kuuguza, bila ya kungoja ndege itue. Kinachohitajika ni kwamba kamati ipite bila taarifa, na mara nyingine ipite usiku.

Jicho la nje lililo bora kuliko yote ni la jamaa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, nyumba nyingi za wazee za Ulaya zilifungiwa wageni, na sehemu kubwa ya waliokufa ilikuwa ni wakazi wa nyumba hizo. Kufungiwa huko kulikuwa na sababu ya kuzuia maradhi. Lakini jamaa waliporudi walieleza walivyowakuta wazee wao wamekonda, wamenyamaza, wengine hawawatambui. Ikadhihirika kwamba mgeni anayekuja kila wiki na kumlisha mama yake alikuwa sehemu ya matunzo, ingawa jina lake halikuwamo katika orodha ya wafanyakazi.

Wapo watakaosema kwamba kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee ni aibu, na kwamba ni kinyume cha mila na dini. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Ila tuipime kwa haki. Mzee aliyefungiwa katika kibanda nyuma ya nyumba ya mwanawe, anayeletewa chakula mara moja kwa siku, au anayenong'onwa kuwa ni mchawi kila mtoto anapougua, hayuko katika matunzo ya familia ingawa yuko kwa familia. Vipimo tulivyovitaja, yaani mikono, mizani, njia ya chooni, neno hapana na daftari, vinaipima nyumba ya mtoto kama vinavyoipima nyumba ya serikali. Aibu iko mahali ambapo mzee anadhoofika na hapana anayeona. Mtoto aliyeko Pemba au Mtwara, aliyemwacha mama katika nyumba njema na bado anapiga simu, anauliza uzito wake na kuzungumza naye mwenyewe, hajamtupa.

Mwisho, tuwakumbuke wahudumu. Wengi ni wanawake wa hapa hapa, waliopoteza nao nyumba na jamaa. Mshahara wao ukichelewa miezi mitatu, ubora wa nyumba umeshuka miezi mitatu, hata kama ukuta umepakwa chokaa jana. Mwenye kutaka kuisaidia nyumba ya wazee, kabla ya kuleta mchele na vitenge, aulize kwanza kama watu wa usiku wamelipwa.

Kila mwaka tarehe 1 Oktoba huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Siku hiyo wazee huvishwa nguo nzuri, viongozi hufika, picha hupigwa, na hilo si baya. Sisi wananchi wa pwani tuna wajibu wa kuuliza habari za siku inayofuata. Tarehe 2 Oktoba, saa nane za usiku, wageni wakiwa wamekwisha kwenda zao, mzee wa kitanda cha pembeni akiita, nani ataitika? Nyumba inayoweza kumtaja mtu huyo kwa jina, na kuonyesha kwamba yuko macho na amelipwa, tuitegemeze kwa kila tulicho nacho. Isiyoweza, tuitake ijirekebishe kabla hatujampeleka mzee mwingine.